Kifaa cha Nane

Nyumba yetu ya Mabibo ina vyumba sita,
choo kimoja, mita moja ya Luku,
na waya mmoja wa buluu
unaotoka stesheneri ya Gervasi,
unapita juu ya kamba ya kuanikia nguo,
unaingia kwangu dirishani, kwenye tundu la wavu
nililoliziba kwa kipande cha kanga.

Waya unaishia kwenye kompyuta yangu,
iliyong'oka kitufe cha M, iliyovunjika bawaba,
inayoegemea tofali ili isimame.
Kutoka hapo naugawa mtandao hewani,
chumba kwa chumba.
Jina lake: Usisahau Luku.
Nywila: bukukwawiki,
herufi ndogo, usiache nafasi.
Haina M, sababu mnaijua.

Kompyuta ina sheria yake, sikuitunga mimi:
vifaa vinane, basi.
Wa tisa hubisha, hubisha, akachoka.

Nawaona kwenye kioo, kila mmoja na jina lake:
Kuruthumu, anayesaka mishono mipya cherehani ikipoa;
Deusi na mpira wake wa Ulaya,
unaotukwamisha nyumba nzima;
Rehani wa chuo, simu na tableti,
nafasi mbili kwa buku moja, tumeshagombana;
mtoto wa Zamoyoni na katuni zake;
simu yangu;
Mama Tusa.

Na wa nane: Tecno ya Ambakisye.

Ambakisye tulimsafirisha Tukuyu mwezi wa nne.
Nauli ya gari tuliichangisha
kwa mtandao huuhuu.

Saa tatu usiku jina lake linatokea.
Mara ya kwanza nilidhani mwizi,
kidole kikawa tayari juu ya neno "ondoa".
Ukuta wetu ni wa tofali moja, hautunzi siri.
Nikasikia upande wa pili simu ikipokea ujumbe,
ti-ti,
na sauti ya Mama Tusa, taratibu:
"Imefika."

Alinieleza mwenyewe, uani, akimenya vitunguu.
Anamwandikia. Bei ya mchele.
Tusa kaota jino, kamng'ata nalo bibi yake.
Simu ya marehemu ikizimwa, tiki ni moja tu,
"kama nimeongea na sufuria."
Akiiwasha, ikishika mtandao wangu, zinakuja mbili.
"Za buluu sizitaki," akasema.
"Hizo ningekuwa najidanganya."

Tangu siku hiyo sifungi kifuniko.
Ukikifunga kompyuta inalala,
na inapolala, nyumba nzima inaamka:
"Wee bwana mtandao!"
Naiacha macho, feni yake ikikoroma kwenye joto hili,
nami nalala nimeipa mgongo.

Jana kahamia Lukelo, chumba cha nyuma.
Kijana mstaarabu, buku mkononi,
na nyingine ya wiki ijayo.
"Mimi ni simu moja tu, kaka."
Nikahesabu mbele yake, najifanya nahesabu.
Nikamwambia pamejaa.
Akashukuru, hilo ndilo lililoniuma.
Saa tatu kasorobo nikaitoa simu yangu,
nikamwita arudi.

Saa tatu na dakika mbili Luku ikakata.

Giza, na kelele za vyumba vyote.
Betri ya kompyuta ilikufa zamani, nayo ikazimika.
Nikanunua umeme kwa buku la Lukelo,
tarakimu ishirini, nikazibonyeza kwa tochi,
nikakosea, nikarudia.
Kompyuta ikaamka kwa kujivuta kama mgonjwa.
Nikawasha kugawa.
Majina yakarudi: Deusi kwanza, bila shaka.
Rehani. Rehani tena. Lukelo.
Mtoto wa Zamoyoni. Kuruthumu. Mama Tusa.

Saba.

Nikasimama ukutani kama mtu anayedai deni,
tochi mkononi, sijui kwa nini sikuizima.

Ti-ti.

Na Deusi, chumba cha tatu, akapiga kelele: "Goli!"